Geuza ua uangalie mgongoni: yaliyonipata kwenye kiwanja cha bibi Shanzu

Kiwanja cha bibi kiko Shanzu, Mombasa, nyuma ya nyumba, pale ukuta unapoishia na mchanga unapoanza kushuka kuelekea baharini. Tangu utoto wangu pale palikuwa na majani ya kila aina, na mvua ikishanyesha bibi alikuwa akishuka asubuhi na beseni kuchuma mchunga, ile mboga ya majani machungu. Mwaka 2021 mama mdogo alianza kupangisha vyumba viwili vya mbele kwa wageni. Akaniita. "Mwanangu, wewe ndiye mwenye mapenzi na mimea. Nitengenezee pale nyuma pawe na maua, lakini nataka maua ya hapa hapa kwetu, si ya kuagiza."

Nilikubali siku hiyo hiyo. Nayaandika haya kwa sababu wakati ule nilitafuta mtu wa kunieleza kwa Kiswahili namna ya kutofautisha haya maua ya njano yanayofanana, nisimpate. Na kutojua kwangu kulimnyang'anya bibi kitu alichokipenda.

Nilikwenda kwa wauza miche walio kando ya barabara. Nilieleza ninachotaka: mmea wa asili ya pwani, unaotambaa, unaoshika mchanga, wenye maua ya njano. Kijana aliyenihudumia akaniongoza moja kwa moja hadi kwenye zulia la majani ya kijani yanayong'aa, lililojaa vijua vidogo vya njano. "Hii ni wedelia. Iko pwani yote."

Sikumwamini hivi hivi. Nilitoa simu, nikaliandika jina hilo, na nikasoma kwamba Wedelia biflora ni mmea wa ufuoni, na kwamba asili yake ni pwani za Bahari ya Hindi, kuanzia Afrika Mashariki, hadi visiwa vya Pasifiki. Nikafurahi. Nikaupiga mmea picha moja, kwa mbele, nikaiingiza kwenye programu ya kutambua mimea, nayo ikajibu: Wedelia. Basi. Nikanunua miche 200 kwa shilingi 50 kila mmoja, na tuktuk mbili za kuibeba zikachukua shilingi 1,500.

Yale niliyoyasoma yalikuwa kweli tupu, ila hayakuhusu mmea uliokuwa mbele yangu. Jina la kwanza lilikuwa moja. La pili sikulitazama. Mmea nilionunua uliitwa zamani Wedelia trilobata, na siku hizi wataalamu wanauita Sphagneticola trilobata. Kwao ni nchi za joto za Amerika. Umesambazwa duniani kwa ajili ya bustani, na shirika la kimataifa la uhifadhi, IUCN, limeuweka kwenye orodha ya viumbe vamizi 100 vilivyo vibaya zaidi duniani. Ule wa kwetu, biflora, nao umebadilishwa jina, sasa ni Wollastonia biflora. Kwa hiyo ukisikia "wedelia" kwa muuza miche, jua kwamba neno hilo limebeba mimea miwili ambayo mmoja ni mwenyeji wa ufuo huu na mwingine ni mgeni anayemfukuza. Uliza jina la pili. Kama muuzaji halijui, si kosa lake, lakini usitoe pesa kabla hujautambua mmea mwenyewe.

Nilipanda mwanzoni mwa masika. Kufikia mwezi wa saba hakukuwa na mchanga unaoonekana. Kila fundo la shina lililogusa ardhi lilitoa mizizi na kuanza mmea mpya. Wageni wa mama mdogo walipiga picha, wakanisifu, nami nilijiona nimefanya kazi ya maana. Ilipofika vuli, bibi akashuka na beseni lake. Nilikuwa nimekaa barazani. Alisimama kwenye ngazi muda mrefu, akainua yale majani kwa fimbo yake hapa na pale, kisha akaniuliza kwa sauti ya chini kabisa, "Mchunga wangu umekwenda wapi?"

Sikuwa na jibu. Chini ya lile zulia palikuwa na giza, na katika giza hilo hapakuwa na kitu kingine kilicho hai. Bibi hakugomba. Alipanda ngazi na beseni tupu, akaenda kulala. Usiku ule sikupata usingizi.

Aliyenifungua macho alikuwa mgeni, mama mmoja mtu mzima aliyefanya kazi ya mimea kwa miaka mingi, aliyekuja kupumzika siku tatu. Nilimweleza kwa fahari kwamba haya ni maua ya asili. Hakubisha. Alichutama, akachuma ua moja, akaligeuza mgongo juu. "Kila mtu hutazama uso wa ua," akasema. "Jamii hii ukiitazama uso itakudanganya maisha yako yote. Geuza."

Tukatandika leso barazani, akalifumua lile ua kwa ncha ya pini.

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba ninachokiita ua moja si ua moja. Ni mkusanyiko. Kile nilichodhani ni petali ya pembeni ni ua kamili lenye umbo la ulimi, na ukilivuta taratibu linatoka pamoja na kijimbegu chake kichanga chini. Ile duara ya katikati nayo ni vijiua vingi vidogo vyenye umbo la bomba, kila kimoja na midomo yake mitano, vimepangwa wima kama vijiti vya kiberiti kwenye kisanduku. Mgongoni kuna vijani vya kijani vinavyolishikilia kundi zima kama kikombe. Alizeti ni hivyo hivyo, na pareto, hata saladi ukiiacha itoe maua ni mkusanyiko, ingawa yake ni ndimi tupu. Ni jamii yenye spishi zaidi ya 20,000, na jina lake la zamani la Kilatini, Compositae, maana yake ni zilizounganishwa pamoja. Kwa nini jambo hili lina uzito? Kwa sababu rangi ya njano iko kwa mamia yao. Tofauti zimejificha mahali pengine: mgongo wa ua, mbegu, na pale jani linapoungana na shina. Tangu siku hiyo hayo matatu ndiyo ninayoyatafuta kwanza.

Yule mama alinichukua tukaenda upande wa pili wa kiwanja, kwenye mpaka na jirani, mahali ambapo sikuwahi kupatazama. Palikuwa na kichaka kinachotambaa juu ya mawe ya matumbawe, maua ya njano vilevile. Akachuma tawi, akaliweka juu ya leso kando ya lile langu.

Tofauti zilikuwa wazi mno hata nikaona aibu. Jani la mmea wangu lilikuwa nene, linang'aa kama limepakwa mafuta, na lilikuwa na mabega mawili, pembe moja kila upande, ndiyo hiyo trilobata, ya ndewe tatu. Halikuwa na kikonyo cha maana; lilinyooka kwenda kuwa jembamba na kushika shina moja kwa moja. Jani la kichakani lilikuwa na umbo la yai lenye ncha, bila mabega, kingo zake zina meno kama msumeno mdogo, na ukilipitisha dole gumba unahisi mkwaruzo. Mishipa mitatu ilianzia pamoja chini ya jani, na jani zima lilisimama juu ya kikonyo chake chenyewe. Maua ya mmea wangu yalikaa moja moja, kila moja juu ya kijiti kirefu. Ya kichakani mara nyingi yalikuwa mawili au matatu mwishoni mwa tawi, moja limefunguka na mwenzake bado tumba. Ndiyo maana ya biflora, maua mawili.

Alinionya jambo moja ambalo nami nakuonya: usiamue kwa jani moja. Trilobata changa inaweza kuwa na majani yasiyo na mabega kabisa, na biflora huweza kutoa ua moja peke yake. Tazama majani kumi, ya juu na ya chini. Tazama zaidi ya shina moja.

Ule wa kichakani ndio uliokuwa wa kwetu. Ulikuwepo muda wote, hatua 30 kutoka mahali nilipomwaga shilingi 11,500.

Kung'oa ni kazi nyingine. Niliajiri vibarua watatu kwa siku sita, shilingi 800 kwa siku kila mtu, jumla 14,400. Mashina hukatika kirahisi, na kila kipande chenye fundo kikibaki mchangani ni mche mpya. Kwa hiyo panga halifai. Tulijaribu panga siku ya kwanza, na wiki mbili baadaye mvua ndogo ilipopita tukaona machipukizi kila tulipokatakata. Kinachofaa ni uma wa bustani na mikono: unainua, unafuata shina hadi mwisho wake, unavuta polepole, kisha unarudi kuokota vipande.

Kosa lililoniumiza zaidi katika hatua hii ni mahali pa kutupa. Nilikuwa nimechoka, magunia yalikuwa machache, na karibu na mpaka wa jirani palikuwa na shimo la zamani la mawe. Nikamwaga humo. Jirani yetu ni mzee mstaafu wa bandari, mtu mpole, na baada ya mvua za mwezi wa nne alikuja mlangoni akashika kofia yake mkononi, akaniambia, "Mjukuu wangu, kuna kitu kimepanda kutoka shimoni kinaingia kwangu." Nilikwenda kuangalia. Zulia lilikuwa limefika mguuni mwa kile kichaka cha biflora. Nilimwomba radhi mbele ya bibi, nikarudisha vibarua wawili kwa siku mbili kwa pesa zangu, na nikakaa nao mwenyewe hadi jua linazama.

Ukiwa na mmea huu, fanya hivi: mashina yote yaingie kwenye magunia, yamwagwe juu ya sakafu ya saruji yenye jua la kutwa, yasiguse udongo, yageuzwe, mpaka yakatike kwa sauti ukiyakunja. Kwetu ilichukua wiki tatu za kaskazi. Usiyatie kwenye mbolea ya majani. Usiyatupe mtaroni, kwa sababu maji ya mtaro yatayapeleka kwa mwingine.

Sasa niseme la pili nililokosea, maana nilidhani nimeshaelimika. Nilitaka biflora nyingi kwa haraka, na kichaka cha jirani kilikuwa kimoja tu. Nikakumbuka kwamba kwa mjomba, upande wa Kwale, kuna vichaka vya maua ya njano kama yale: majani yenye mkwaruzo, mishipa mitatu, kingo zenye meno, hayana mabega. Kila alama niliyofundishwa ilikuwepo. Nikaingia kwenye matatu, nikapata ruhusa ya mjomba, nikarudi na vipandikizi 60. Safari hiyo, na kahawa na mikate ya kuwapelekea, ilinigharimu 2,400.

Vilishika vizuri. Ulipokolea upepo wa kusi na ile chumvi yake, mwezi wa sita, majani yaligeuka rangi ya kahawia kuanzia kingoni, na kufikia mwezi wa nane nilikuwa na vijiti vikavu 60.

Nilikuwa nimechukua Aspilia mossambicensis. Huu ni mmea wa Afrika Mashariki kweli, mwenyeji halisi, na una heshima yake: ni katika mimea ambayo sokwe wa Gombe na Mahale, Tanzania, wameonekana wakimeza majani yake mazima bila kuyatafuna. Lakini ni wa vichaka na mbuga za ndani, si wa ukingo wa mawimbi. Nilikuwa nimeshika neno "asili" kana kwamba nchi nzima ni kiwanja kimoja. Mmea wa asili ya Kwale juu haukuumbwa kwa mchanga wa Shanzu, kama vile mvuvi na mkulima wote ni watu wa pwani lakini huwezi kuwabadilishia kazi asubuhi moja.

Ningewezaje kujua? Kwa mbegu. Hapa lenzi ndogo ya mkononi, niliyoinunua baadaye kwa shilingi 600, ingeniokolea pesa na miezi. Chukua ua lililokwisha kukauka, livunje kwenye kiganja. Mbegu ya biflora ni kama kabari ndogo, butu juu, kana kwamba imekatwa kwa kisu, na haina manyoya, pengine unywele mmoja au miwili mifupi. Mbegu ya Aspilia ina vinywele mwilini na juu yake imevaa kikofia kidogo, kama taji lenye kingo zilizochanika. Kisha tazama ule mzunguko wa nje, pale ndimi za njano zilipokuwa. Ndimi za biflora ni maua ya kike na huacha mbegu. Ndimi za Aspilia ni tasa: ni za kupendeza tu, na zikianguka haziachi kitu. Jambo hilo nililijaribu mimi mwenyewe kwa maua manane ya kila mmoja, nikiyapanga kwenye sahani nyeupe, na hapo ndipo woga wangu wa kukosea ulipoanza kupungua.

Nilianza kuweka daftari. Asubuhi kuanzia saa mbili, kabla jua halijanyausha kitu, nilikuwa nikitembea kutoka Shanzu hadi Bamburi nikigeuza maua. Zile nyeupe ndogo zilizojaa kwenye nyasi, ambazo watu wengi wanaziita kwa jina moja, ni mbili na zote ni wageni kutoka Amerika: Tridax, yenye ua moja juu ya kijiti kirefu kisicho na majani, ndimi chache zenye meno matatu nchani na mbegu yenye manyoya inayopeperuka; na kishona nguo, ambayo mbegu yake ni sindano nyeusi yenye miiba inayoshika suruali. Hizo mbili hazihitaji lenzi. Pita tu kati yao uone nini kimekuganda.

Za zambarau ndizo zilizonipendeza zaidi. Kuna vishada vidogo vya zambarau vinavyoota kwenye nyufa za saruji Mombasa nzima, bila ndimi zozote, ni vijibomba vitupu. Nilidhani ni mmea mmoja mpaka nilipogeuza. Mmoja, Cyanthillium cinereum, ambao zamani uliitwa Vernonia, vijani vyake vya mgongoni vimepandana safu juu ya safu, kama makuti kwenye paa. Mwingine, Emilia, una safu moja tu, vijani vimesimama bega kwa bega kama fito za uzio, bila kijani kimoja cha ziada chini yake, na jani lake la juu limekumbatia shina. Makuti au uzio. Mtoto wa mama mdogo ana miaka tisa na hakosei.

Narudi kwenye mchunga, kwa sababu ndio uliokuwa deni langu.

Mchunga, Launaea cornuta, ni wa jamii hii hii ingawa watu hushangaa wakiambiwa. Kichwa chake chote ni ndimi, hakina duara ya vijibomba katikati, na ukivunja jani linatoa utomvu mweupe. Utomvu peke yake usikutoshe: mnyaa pia unatoa utomvu mweupe, nao si wa jamii hii na ukiingia jichoni ni hatari. Kamwe usionje jani usilolijua ili ujue kama ni chungu.

Tulipomaliza kung'oa zulia, nilitaka kumletea bibi mchunga kutoka kokote. Niliona majani yenye maua ya njano na utomvu mweupe kwenye kitanda cha sukuma wiki cha jirani mwingine, nikajaza beseni. Bibi alishika jani moja, akalipitisha kati ya vidole bila hata kuliangalia, akasema, "Huu si wenyewe." Alikuwa sahihi. Ilikuwa Sonchus oleraceus, mmea uliotoka pande za Ulaya na Mediterania. Unalika, kwa hiyo hakuna aliyedhurika, lakini si mchunga. Bibi akanionyesha kwa vidole vyake: shina la huu ni laini na lina uwazi ndani, na chini ya jani kuna masikio mawili yenye ncha yanayozunguka shina. Mchunga jani lake ni refu na jembamba, na karibu na chini limetoa vipande vyembamba kama pembe. Neno cornuta maana yake ni yenye pembe. Bibi hajui Kilatini, lakini alikuwa akizitafuta pembe hizo hizo kwa miaka 70.

Kule mchangani kabisa kuna ndugu yake, Launaea sarmentosa, anayetambaa kwa nyuzi ndefu na kutoa kishada cha majani kila anapotia mzizi. Huyu ni mwenyeji wa fukwe za Bahari ya Hindi na anashika mchanga kweli kweli, bure. Na mimi nilimpoteza kwa uzembe: siku ya tano ya kung'oa niliondoka kwenda soko la Kongowea kununua magunia, nikawaambia vibarua "ng'oeni kila kinachotambaa." Waliitii kauli yangu. Niliporudi mchanga ulikuwa mtupu hadi kwenye alama ya maji. Usiache watu peke yao na neno kama hilo. Funga utepe kwenye kila kinachopaswa kubaki, halafu kaa nao.

Nilipotaka uhakika wa mwisho wa majina, nilikausha vielelezo ili vipelekwe Nairobi, kwenye hazina ya mimea iliyokaushwa ya Makumbusho ya Taifa, ile iliyoanzia Amani, Tanzania, mwaka 1902 na kuhamishiwa Nairobi mwaka 1950. Vya kwanza vyote viliota ukungu. Hewa ya Mombasa ina unyevu mwingi. Karatasi za gazeti lazima zibadilishwe kila siku, wiki ya kwanza bila kukosa. Na maua ya jamii hii yana tabia ya kuendelea kukomaa ndani ya gazeti hata baada ya kuchumwa: unabana ua, unafungua unakuta pamba ya manyoya. Kwa hiyo chuma ya rika zote, tumba, lililofunguka na lenye mbegu, na mbegu zitie kwenye bahasha yake. Andika siku hiyo hiyo mahali, tarehe, urefu wa mmea, rangi ya ua na aina ya udongo, maana rangi hupotea. Kwa picha za simu nazo, moja haitoshi. Piga uso, mgongo, ubavu, mahali jani linaposhika shina, na mbegu juu ya kiganja. Ile programu iliyonipotosha nilipoipa picha ya mgongo na ya jani ilileta jina sahihi.

Nimejumlisha: miche na tuktuk 11,500, vibarua wa kwanza 14,400, wa pili 3,200, magunia 1,000, safari ya Kwale 2,400, lenzi 600. Shilingi 33,100. Kati ya hizo ningezihitaji 600 tu, na subira ya masika mawili.

Vipandikizi vya biflora nilivyopanda sasa ni 40, vyote kutoka kwenye kichaka cha yule mzee wa bandari. Nilipokwenda kuomba nilikuwa na wasiwasi, lakini yeye mwenyewe ndiye aliyekata, urefu wa mkono mmoja mmoja, akachagua matawi yenye mafundo manne. Vimeshika 31. Trilobata bado naipata: mwezi uliopita nilikuta shina lenye urefu wa kalamu chini ya mfereji wa nje, limeshatia mizizi. Nakagua baada ya kila mvua.

Mchunga umerudi sehemu tatu. Mizizi yake hutambaa chini ya ardhi, na inaonekana mingine ilivumilia giza lile. Shina la kwanza lilitokea kando ya ngazi, na kabla sijamwita bibi niligeuza jani na kuangalia pembe. Alikuja, akaliangalia, akakaa kwenye ngazi. Beseni alikuwa nalo, lakini hakuchuma. Akasema tuuache kwanza utoe mbegu mara mbili.